Upinde wa Oxóssi Juu ya Bendera ya Brazili

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ngoma, mavazi na vyuma vitakatifu vya orisha, miungu ya Wayoruba wa Afrika Magharibi, mjini Rio de Janeiro vilikuwa mikononi mwa polisi. Askari walikuwa wakizivamia nyumba za ibada ya candomblé, dini ya orisha hao, wakiwakamata makuhani wake na kubeba kila walichokikuta madhabahuni kama kielelezo cha kosa. Sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1890 iliuhesabu uganga na “uchawi” kuwa uhalifu. Mwaka 1938 vitu hivyo viliingizwa katika orodha ya urithi wa taifa, lakini vikaandikwa kwa jina la Makumbusho ya Uchawi Mweusi na vikaendelea kukaa polisi. Hadi vinahamishiwa Makumbusho ya Jamhuri, ilikuwa mwaka 2020, baada ya viongozi wa dini hizo kuvidai kwa miaka mingi.

Katikati ya muda huo, mtu mmoja alizichukua alama zilezile ambazo polisi waliziweka chini ya kufuli, yaani shoka la Xangô, upinde wa Oxóssi na chuma cha Exu chenye meno matatu, akazichora juu ya bendera ya nchi yake. Aliitwa Abdias Nascimento. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Aliposhika brashi kwa dhati alikuwa na umri wa miaka 54, na kabla ya hapo alikwisha kuwa askari, mfungwa, mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na mwanaharakati. Kwake urithi wa Wayoruba ulikuwa hati ya madai, na hati hiyo aliiandika kwa rangi.

Orisha walivyovuka bahari

Brazili ilipokea Waafrika wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika. Takribani watu milioni 4.8 walishushwa bandarini mwake wakiwa hai katika karne tatu za biashara ya utumwa. Wengi walitoka Angola na Kongo, na baadhi walitoka hata Msumbiji, upande wetu wa bara. Wayoruba walifika kwa wingi baadaye, kuanzia mwisho wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, dola yao ya Oyo ilipokuwa ikisambaratika. Vita vya ndani, mashambulizi ya ufalme jirani wa Dahomey na vurugu za mji wa Ilorin vilizalisha mateka kila msimu. Mateka hao walipitishwa Ouidah, Porto-Novo na Lagos, na meli nyingi zilielekea Bahia, kaskazini mashariki mwa Brazili.

Huko waliitwa Nagô, na hawakuwa watu wa kunyamaza. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, katika mwezi wa Ramadhani, mamia ya watumwa na watu huru, wengi wao Waislamu wa Kiyoruba, waliingia mitaa ya Salvador, mji mkuu wa Bahia, wakiwa na silaha. Uasi ulizimwa kabla ya jua kupanda. Polisi walikusanya hirizi na karatasi za maandishi ya Kiarabu kutoka kwenye miili ya waliouawa na nyumba za waliokamatwa, nazo zikawa ushahidi mahakamani. Serikali ya Brazili ilianza mapema kuhifadhi imani za Waafrika katika majalada ya kesi.

Wale walioshika dini ya orisha walipata njia nyingine ya kudumu. Katika nchi ya Wayoruba kila orisha alikuwa na mji wake: Xangô ni wa Oyo, Oxóssi mwindaji ni wa Ketu, Oxum ana mto wake Osogbo. Bahia watu wa miji hiyo yote walitupwa pamoja, basi wakawapanga orisha wao katika ua mmoja, kila mmoja na chumba chake, siku yake, rangi yake na chakula chake. Mbele ya macho ya kanisa waliwapa majina ya watakatifu. Oxóssi akawa Mtakatifu George huko Salvador na Mtakatifu Sebastian huko Rio. Ketu yenyewe ilivunjwa na jeshi la Dahomey mwaka 1886, na ibada ya Oxóssi ikafifia kwao. Ng’ambo ya bahari ilistawi, na nyumba kubwa za candomblé za Salvador zinajiita za Ketu hadi leo.

Utumwa ulifutwa tarehe 13 Mei 1888, Brazili ikiwa nchi ya mwisho Amerika kufanya hivyo. Mwaka uliofuata ikawa jamhuri, na tarehe 19 Novemba 1889 ikapandisha bendera mpya: uwanja wa kijani, msambamba wa njano, duara la buluu lenye nyota, na utepe mweupe wenye maneno ya “Utaratibu na Maendeleo” yaliyotokana na falsafa ya Mfaransa Auguste Comte. Mwezi Desemba 1890, Waziri wa Fedha Rui Barbosa aliamuru nyaraka za serikali zinazohusu utumwa zichomwe moto. Waliokuwa watumwa hawakupewa ardhi wala fidia. Walipewa bendera.

Mlango wa nyuma

Abdias alizaliwa tarehe 14 Machi 1914 katika mji wa Franca, jimbo la São Paulo, eneo la mashamba ya kahawa. Bibi yake alikuwa mtumwa. Baba alikuwa fundi viatu, mama akipika vitamutamu vya kuuza. Tukio moja la utotoni alilisimulia hata uzeeni: mwanamke Mzungu alikuwa akimpiga mtoto yatima mweusi barabarani, na mama yake, mtu mpole siku zote, akatoka ndani mbio kwenda kumtetea. Abdias alilitaja kuwa somo lake la kwanza la mshikamano.

Alijiunga na jeshi akiwa kijana ili aweze kuhamia mji wa São Paulo, na huko akakutana na harakati za Frente Negra Brasileira, chama cha watu weusi kilichoundwa mwaka 1931. Akiwa na rafiki yake aliingia katika ugomvi baada ya kuambiwa wapitie mlango wa nyuma wa mahali pa starehe. Jeshi lilimfukuza, na kesi ikabaki ikimsubiri.

Mwaka 1941, akizunguka Amerika Kusini na washairi wenzake, aliingia katika jumba la maonyesho la manispaa ya Lima, Peru, kutazama tamthilia ya Mmarekani Eugene O’Neill kuhusu mtu mweusi anayejitangaza mfalme kisiwani. Mhusika mkuu aliigizwa na Mzungu kutoka Argentina aliyejipaka rangi nyeusi usoni. Abdias alitoka akijiuliza kwa nini hata kwao Brazili, nchi yenye mamilioni ya watu weusi, hakuwahi kumwona mweusi akipewa nafasi kama ile jukwaani.

Aliporudi alikamatwa kwa ile kesi ya zamani na kupelekwa gereza la Carandiru, São Paulo. Hakungoja kutoka ndipo aanze kazi. Akiwa gerezani aliunda kundi la tamthilia la wafungwa, wakaandika na kuigiza wenyewe. Mwezi Oktoba 1944, akiwa huru, alianzisha Rio kundi la Teatro Experimental do Negro. Waigizaji wake wengi walikuwa watumishi wa nyumbani, vibarua na makarani wadogo. Baadhi hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yalianza na masomo ya kusoma na kuandika. O’Neill aliwaruhusu kutumia tamthilia yake bila malipo, na tarehe 8 Mei 1945, siku vita vilipomalizika Ulaya, walipanda jukwaa la Teatro Municipal, jumba la fahari la Rio.

Kundi hilo lilikuwa zaidi ya tamthilia. Lilitoa gazeti, likaitisha mkutano wa kitaifa wa watu weusi mwaka 1950, na mwaka 1955 likaandaa shindano la uchoraji lililowataka wasanii wamchore Kristo mweusi. Sehemu ya vyombo vya habari iliona ni kufuru. Tamthilia ya Abdias mwenyewe, *Sortilégio*, inayomweka wakili mweusi mbele ya madhabahu ya Exu, ilizuiwa na wakaguzi wa serikali kwa miaka kadhaa kabla ya kuigizwa mwaka 1957. Hoja ya wakubwa ilikuwa ileile kila mara: Brazili haina ubaguzi, watu wake wamechanganyika, na anayetaja rangi ndiye anayeuleta ubaguzi nchini. Mwaka 1966, Senegali ilipoandaa tamasha la kwanza la dunia la sanaa za Weusi mjini Dakar, kundi la Abdias liliachwa nje ya msafara rasmi wa Brazili. Alijibu kwa barua ya wazi, iliyochapishwa katika jarida la *Présence Africaine*.

Brashi ya uhamishoni

Kwa miaka hiyo yote alikuwa akikusanya kazi za wasanii weusi na za wengine waliochora maisha yao, kwa ajili ya makumbusho ya sanaa ya Weusi aliyoyaota tangu mkutano wa 1950. Mwezi Mei 1968 mkusanyiko huo ulionyeshwa hadharani Rio kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo naye alianza kuchora, kisha akasafiri kwenda Marekani kwa ufadhili wa muda mfupi. Tarehe 13 Desemba utawala wa kijeshi wa Brazili ulitoa Amri Namba 5, iliyofunga Bunge na kuondoa haki ya mshtakiwa wa kisiasa kufikishwa mahakamani. Abdias, aliyekuwa akichunguzwa na wanajeshi, hakuweza kurudi. Safari ya muda mfupi ikageuka miaka 13.

Alifika New York bila kujua Kiingereza. Baadaye alieleza kwamba kuchora kulimpunguzia haja ya lugha hiyo, kwa sababu picha zilisema aliyotaka kuyasema. Harlem ilikuwa katika joto la harakati za nguvu ya Weusi. Vijana walikuwa wakiacha nywele zikue na kutafuta majina ya Kiafrika. Yeye alikuja na kitu ambacho wengi wao walikitafuta vitabuni: dini ya Kiafrika ambayo haikuwahi kukatika, yenye nyimbo, vyakula na kalenda yake.

Tazama mchoro wake wa mwaka 1970 uitwao *Okê Oxóssi*. Bendera ya Brazili imesimamishwa wima. Kijani, njano na buluu zipo, nyota zipo, lakini upinde na mshale wa Oxóssi umepita katikati na kulazimisha maumbo yote yajipange upya kuuzunguka. Kwenye utepe mweupe, maneno ya Comte yamefutwa. Mahali pake limeandikwa na kurudiwa neno moja, Okê, salamu ambayo waumini humpigia Oxóssi anapoingia uwanjani akicheza. Rangi ni za akriliki, zimepakwa bapa bila kivuli, kingo zake kali kama za alama ya barabarani. Hakuna mwili wa mtu, hakuna machozi wala minyororo. Mwindaji wa Ketu amewekwa pale panapokaa kauli ya taifa.

Mwaka huohuo alichora *Xangô Sobre*, na safari hii bendera ni ya Marekani. Shoka lenye makali mawili la Xangô, orisha wa radi na haki, mfalme wa zamani wa Oyo, limeikalia mistari na nyota. Mgeni huyo alikuwa akiwaambia wenyeji wake kwamba hata nchi yao ilijengwa na watu wa mfalme yule.

Kwa Brazili mwaka 1970 ulikuwa na maana nyingine. Ulikuwa mwaka wa sensa, na utawala wa kijeshi uliliondoa kabisa swali la rangi ya mtu kwenye dodoso. Mwaka ambao serikali iliacha kuwahesabu watu weusi ndio ambao Abdias, kutoka ng’ambo, aliwaweka kwenye bendera.

Kazi zake zilionyeshwa Harlem na katika vyuo kadhaa. Kuanzia mwaka 1971 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichoko Buffalo, akianzisha somo la tamaduni za Kiafrika katika Amerika. Alama zake ziliongezeka: ankh ya Misri, michoro mitakatifu ya vodou ya Haiti, alama za adinkra za Waakan. Orisha walibaki msingi.

Dar es Salaam, Ife, Lagos

Mwezi Juni 1974 msanii huyo aliingia katika Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulikuwa Mkutano Mkuu wa Sita wa Umajumui wa Afrika, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyeufungua. Abdias alikuwa sauti ya watu weusi wa Amerika Kusini, bara ambalo wanamajumui wengi walilisahau kwa kuwa vitabu vyao vilikuwa vya Kiingereza na Kifaransa. Wakati wenyewe ulimfaa msemaji wa Kireno. Udikteta wa Ureno ulikuwa umeanguka mwezi Aprili, na FRELIMO ya Msumbiji, ambayo Dar es Salaam ilikuwa ngome yake, ilikuwa ikikaribia kukabidhiwa nchi. Brazili, iliyojiita ndugu wa Afrika, ilikuwa imeiunga mkono Ureno kwa miaka mingi katika Umoja wa Mataifa.

Mkutano uligawanyika. Wajumbe wengi wa serikali, pamoja na waliofuata siasa ya Ki-Marx, walitaka tatizo lielezwe kwa tabaka pekee. Abdias alipinga. Alikuwa ameona chama cha wafanyakazi na kanisa, wasomi wa kushoto na majenerali wa kulia, wote wakikubaliana kwao kwamba suala la rangi si suala.

Miaka miwili baadaye alialikwa kufundisha Chuo Kikuu cha Ife, katika mji ambao Wayoruba wanaamini ndipo dunia ilipoanzia. Kwa mtu aliyeufahamu ulimwengu wa orisha kupitia nyumba zilizokuwa zikivamiwa na polisi, ilikuwa mara ya kwanza kuishi mahali ambapo majina ya Ogun na Shango, wale Ogum na Xangô wa Brazili, ni majina ya ukoo na ya mitaa. Lakini Nigeria ilimpa pia vita vyake vikali kuliko vyote.

Mwezi Januari 1977 Lagos ilifungua FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa Weusi. Mafuta yalikuwa yameitajirisha Nigeria, na Brazili ilitaka soko lake. Ujumbe rasmi ulikuja na picha ya nchi ambayo Mwafrika na Mreno walizaa furaha. Abdias aliandika mada kuhusu ubaguzi wa Brazili kwa ajili ya kongamano la wasomi. Ikakataliwa, na wanadiplomasia wa Brazili walifanya kila njia kumziba mdomo. Wenzake wa Ife waliichapa mada hiyo, ikagawiwa kwa wajumbe, naye akahudhuria vikao kama mtazamaji na kusimama kuuliza maswali kila alipopata nafasi. Magazeti ya Nigeria yakamwandika. Mwaka 1978 mada ilitoka Brazili ikiwa kitabu, *O Genocídio do Negro Brasileiro*, na hadi leo kinasomwa vyuoni.

Baada ya Lagos michoro yake ilisogea kutoka bendera kwenda mpango. Mwaka 1980, akiwa bado Buffalo, alichora *Quilombismo (Exu e Ogum)*: chuma cha Exu chenye meno matatu kimeungana na upanga wa Ogum na kuwa chombo kimoja. Exu hufungua njia na kupeleka ujumbe, Ogum ni orisha wa chuma na vita. Mwaka huo alichapisha kitabu chenye jina hilohilo, akipendekeza dola inayojifunza kutoka kwa vijiji vya watoro waliokimbia mashamba, hasa Palmares, iliyostahimili mashambulizi ya Wareno na Waholanzi kwa karibu karne nzima kabla kiongozi wake Zumbi kuuawa tarehe 20 Novemba 1695.

Olorum ndani ya Seneti

Alirudi kuishi Brazili mwaka 1981, baada ya sheria ya msamaha wa kisiasa. Pamoja na mkewe Elisa Larkin Nascimento alianzisha taasisi ya IPEAFRO, inayotunza kazi na nyaraka zake. Mwaka 1983 aliingia Bungeni kama mbunge wa kwanza kujitambulisha waziwazi kuwa mtetezi wa watu weusi, na katika miaka ya 1990 akawa seneta. Wenzake waliozoea hotuba zinazoanza kwa kumshukuru mwenyekiti walimsikia akianza kwa kuomba ulinzi wa Olorum, Mungu Mkuu wa Wayoruba. Wapo waliocheka. Hakuacha.

Mswada wake wa mwaka 1983 ulitaka asilimia 20 ya nafasi za utumishi wa umma ziende kwa wanawake weusi na asilimia 20 kwa wanaume weusi. Haukupita. Abdias alifariki Rio mwezi Mei 2011 akiwa na miaka 97, na mwezi Novemba majivu yake yakapelekwa Serra da Barriga, kilima cha Palmares. Mwaka 2012 Brazili ilipitisha sheria ya kutenga nafasi katika vyuo vikuu vya shirikisho, na mwaka 2014 ikatenga asilimia 20 ya nafasi za utumishi wa umma kwa watu weusi wa jinsia zote. Tarehe 20 Novemba, siku ya Zumbi, ikawa sikukuu ya taifa zima kuanzia mwaka 2024.

Sanaa yake ilichelewa zaidi kuliko siasa yake. Kwa miongo kadhaa wahakiki wa Brazili walimchukulia kama mwanasiasa anayechora wakati wa mapumziko. Mwaka 2022 makumbusho ya MASP, kwenye barabara ya Paulista mjini São Paulo, yalimfanyia maonyesho makubwa, na *Okê Oxóssi* sasa ni mali ya makumbusho hayo. Mkusanyiko wa sanaa ya Weusi aliouanza miaka ya 1950 nao umeonyeshwa Inhotim, bustani ya sanaa iliyoko Minas Gerais.

Sifa hizo zina kasoro moja: zinamgawanya mtu vipande viwili, mchoraji huku, mbunge kule. Weka mswada wa 1983 kando ya mchoro wa 1970. Vyote viwili vinaikuta nchi inayosema haioni rangi, na vyote viwili vinaitaka imtaje mtu mweusi kwa jina, mmoja kwa vifungu vya sheria na mwingine kwa kuandika salamu ya Ketu pale palipokuwa na maneno ya Comte. Mswada ulianguka kwa sababu ulihitaji kura za wabunge. Mchoro haukuwa na wa kuupigia kura, ukapona, ukaendelea kudai kwa zaidi ya miaka 40 mpaka sheria ikaja kuufuata.